Bonane: Neno la mwaka ambalo halilipiwi kwenye bariyeri

Usiku wa tarehe 31 Desemba watu wengi wa Bukavu hawalali. Kuanzia Kadutu hadi Panzi, toka Bagira hadi Nguba, makanisa yanajaa watu wa kesha. Saa sita ya usiku inapofika, mchungaji anasimama mbele na kutaja neno la mwaka: Mwaka wa Mavuno, Mwaka wa Kurudishiwa, Mwaka wa Milango Wazi. Watu wanapiga vigelegele, wanakumbatiana, wanatakiana Bonane. Asubuhi neno linafika nyumbani. Linaandikwa kwa chaki juu ya mlango, au linawekwa kwenye picha ya WhatsApp. Mwezi wa tatu ukifika, katika nyumba nyingi hakuna tena anayelikumbuka.

Ziko pia jamaa ambazo hazingojei neno litoke madhabahuni. Wazazi na watoto wanakaa pamoja, kila mtu anapendekeza, wanachagua neno moja la kuwaongoza miezi kumi na miwili. Kwa nje linaonekana kama jambo dogo, kitu cha watu walioshiba. Lakini Bonane hii ina uzito wake. Tangu M23 ilipoingia Bukavu katikati ya Februari 2025, jamaa nyingi za Kivu ya Kusini hazikai tena chini ya paa moja. Baba yuko Kinshasa au Kalemie akitafuta kazi. Mama amebaki Kadutu na watoto wadogo. Kijana alivuka Ruzizi kwenda Burundi, akalala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo pamoja na maelfu ya wengine, kisha akapelekwa Musenyi. Bibi amekataa kuondoka Walungu. Jamaa kama hiyo haiwezi kula sombe kwenye sahani moja. Neno moja, hilo inaweza bado kuwa nalo, kwa sababu neno halina uzito wa kubeba na halilipiwi kwenye bariyeri.

Swali ni hili: neno la namna gani? Historia ya mji huu inaweza kusaidia, kwa maana Bukavu imepewa maneno mengi. Mengine yamekufa, mengine yamebaki, na iko sababu.

Mwaka ulioanza na mbegu

Kabla kalenda ya Wazungu haijafika ukingoni mwa ziwa Kivu, mwaka haukuanza kwa tarehe. Ulianza kwa shamba. Katika Bushi, mwami na watu wake walikuwa na sherehe ya Mubande, iliyofungamana na mtama, mbegu na mwanzo mpya wa mwaka wa kilimo. Ng'ambo ya Ruzizi, Warundi walikuwa na Umuganuro. Mwami ndiye aliyefungua majira ya kupanda mtama, na kabla ya ishara yake watu walingoja. Umuganuro wa kifalme ulizimwa mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati wa utawala wa Wabelgiji. Jambo la kukumbuka katika sherehe hizo ni kwamba baraka ya mwaka haikwenda peke yake. Iliambatana na kazi ya mikono. Aliyebarikiwa alitazamiwa kushika jembe.

Nyumbani nako kulikuwa na namna nyingine ya kuchagua neno, nayo haijafa mpaka leo: jina la mtoto. Mshi anayemwita mtoto wake Mugisho amesema baraka. Anayemwita Murhula amesema amani. Waliozaa kwa Kiswahili wamejaza mitaa ya Bukavu kwa akina Bahati, Riziki, Mapendo, Furaha na Neema. Majina mengine yanahifadhi yale ambayo hakuna aliyetaka kuyaandika kwenye karatasi: Mateso, Mashaka, Shida. Mtoto aliyezaliwa njiani, wakati wazazi wanakimbia, mara nyingi anaitwa Safari. Mtu akitaka kujua miaka ya taabu ilipita lini katika jamaa fulani, asitafute kwenye vitabu kwanza. Aulize majina ya watoto na miaka yao ya kuzaliwa.

Kwa hiyo kuchagua neno la kushika si kitu kigeni kwa watu wa Kivu. Kipya ni kulichagua kila mwaka, na kulichagua kama jamaa nzima.

Neno lililopita mlango kwa mlango

Desturi hii ya neno la kuongoza ina historia pia upande wa Ulaya, na ni historia ya watu waliokimbia kwao. Mwaka 1722 kikundi kidogo cha Wakristo kilitoroka mateso ya dini huko Moravia, sehemu ambayo leo ni ya nchi ya Czech. Walivuka mpaka, wakapokelewa kwenye shamba la tajiri mmoja wa Saxony, Ujerumani, kwa jina Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Hapo wakajenga kijiji, wakakiita Herrnhut.

Miaka ya kwanza haikuwa mizuri. Wakimbizi wengine walifika na desturi zao, na ugomvi ukaingia. Kila mhami anajua jambo hilo: taabu ya pamoja haileti mapatano yenyewe, wakati mwingine inaleta matusi kwenye bomba la maji. Mwaka 1727 watu wa Herrnhut walikaa chini, wakakubaliana sheria za kuishi pamoja. Mwaka uliofuata, jioni ya tarehe 3 Mei 1728, Zinzendorf aliwapa neno fupi la kushika siku ya kesho. Tangu hapo mtu alipita kila siku nyumba kwa nyumba kulipeleka neno, na kwa kupita hivyo alijua pia nani mgonjwa, nani hana chakula, nani amekata tamaa. Kwa mwaka 1731 maneno hayo yalichapishwa kitabuni kwa mara ya kwanza. Kitabu hicho hakijakosa kutoka tangu wakati huo, na leo kinasomwa kwa lugha zaidi ya 50. Wamoravian waliofika Rungwe, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1891 walitoka katika ukoo huo huo. Baadaye, tangu miaka ya 1930, makanisa ya Ujerumani yamekuwa na neno moja kwa mwaka mzima.

Neno la Kijerumani walilotumia, Losung, lilikuwa kwanza neno la askari. Ndilo neno la siri ambalo mlinzi wa usiku analidai kwa anayekaribia: litaje, la sivyo hupiti. Mtu wa Bukavu haitaji kuelezwa hofu ya swali la namna hiyo gizani. Wakimbizi wa Herrnhut walilichukua neno la bunduki wakaligeuza kuwa neno la kuulizana hali. Nguvu yake haikutoka kwenye uzuri wa maneno. Ilitoka kwa yule mtu aliyebisha hodi kila siku.

Hata sikukuu ya Bonane yenyewe ina desturi inayofanana. Papa Paulo VI aliifanya tarehe 1 Januari kuwa Siku ya Amani Duniani kuanzia mwaka 1968, na tangu hapo kila mwaka Vatikani inatoa neno au fundisho la mwaka mpya. Waumini wengi wa parokia za Bukavu wamelisikia likisomwa bila kujua kwamba desturi hiyo ilianza wakati mji wao wenyewe ulikuwa unaokota vigae. Kuanzia Agosti hadi mwanzo wa Novemba 1967, askari wa kukodiwa wa Jean Schramme walikuwa wameishika Bukavu, na mapigano yaliuacha mji umeharibika. Bonane ya kwanza ya amani duniani iliikuta Bukavu ikitafuta mabati.

Maneno yaliyotoka juu

Bukavu imepewa maneno pia na wale waliokuwa na nguvu. La kwanza lilikuwa jina. Wabelgiji waliuita mji huu Costermansville, kwa heshima ya afisa wao Paul Costermans, na jina la Bukavu, ambalo wengi wanalitoa kwenye Mashi na ng'ombe waliolishwa hapa, likarudi miaka ya 1950.

Baada ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, na baada ya Mobutu kutwaa mamlaka Novemba 1965, nchi nzima ilianza kupewa maneno. Tarehe 27 Oktoba 1971 Kongo iliitwa Zaire. Mwaka 1972 raia waliamriwa kuacha majina ya Kikristo. Wazee wa leo wanakumbuka namna walivyoingia darasani wakiwa Joseph au Marie, na wakatoka na jina jingine kwenye daftari la mwalimu. Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alipinga, akalazimika kukaa Roma kwa miezi. Chama cha MPR kilikuwa na neno lake pia, lililoimbwa kila asubuhi: kutumikia wengine, si kujitumikia. Watu waliimba, na wakati huo huo waliona kwa macho yao nani anatumikiwa.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu mwenyewe alitangaza mwisho wa chama kimoja, na karibu maneno yote yale yakaanguka kwa siku moja. Lakini moja limebaki: salongo. Lilikuwa agizo la kazi ya pamoja, kufagia barabara, kuzibua mitaro, kulima. Lilikuwa la lazima, na wengi walilichukia. Lakini hata leo, kartie ikitaka kuondoa takataka kwenye mtaro kabla mvua haijaleta maafa, watu wanasema: tufanye salongo. Neno la heshima la chama limesahauliwa, neno la ufagio linaishi. Lilikuwa na kitu ambacho mtoto wa miaka sita anaweza kukifanya na kuonyesha kwamba amekifanya.

Noeli ya 1999

Kati ya maneno yote ambayo Bukavu imeyasikia mwishoni mwa mwaka, moja lilimgharimu sana aliyelitamka.

Emmanuel Kataliko alifanywa askofu mkuu wa Bukavu mwaka 1997. Alikuja kukaa kwenye kiti cha mtu aliyeuawa: Christophe Munzihirwa alipigwa risasi hapa Nyawera tarehe 29 Oktoba 1996, wakati vita vilipoingia mjini. Kuanzia Agosti 1998 mji ulikuwa mikononi mwa RCD. Mishahara haikuonekana, barabara za vijijini zilifungwa, na kila siku habari za mauaji zilishuka kutoka milimani.

Kwa Noeli ya mwaka 1999 Kataliko aliandikia waumini barua. Alichukua neno lake kwa nabii Isaya, mwanzo wa sura ya 40, ambapo Mungu anaagiza watu wake wafarijiwe. Maneno hayo yalielekezwa kwa watu waliokuwa wamehamishwa Babeli, mbali na nyumba zao. Katika barua hiyo askofu hakupaka asali. Alisema kwamba nguvu za kigeni, zikishirikiana na baadhi ya ndugu Wakongo, zinaendesha vita kwa mali ya nchi hii. Alisema pia kwamba ubaya umeingia hata ndani ya Kanisa. Na akawaita watu kusimama imara bila kuchukua njia ya kutawala wengine.

Wenye mji hawakupenda. Tarehe 12 Februari 2000 Kataliko alizuiliwa kurudi Bukavu, akapelekwa Butembo, alikotoka. Mji ulijibu kwa kunyamaza: shule na kazi nyingi za Kanisa zilifungwa kama alama ya kukataa. Alikaa mbali miezi saba. Tarehe 14 Septemba 2000 alirudishwa, na watu walijaa barabarani kumpokea. Siku ishirini baadaye, tarehe 4 Oktoba, alifariki karibu na Roma, ambako alikuwa amekwenda kwa mkutano. Alikuwa na miaka 68.

Wanaolikumbuka neno lile mara nyingi wanasahau umbo lake. Halikuwa ahadi kwamba faraja itakuja. Lilikuwa agizo: farijini. Ahadi inamweka mtu akae angoje. Agizo linamwinua aende kwa jirani. Mama wa Cimpunda ambaye hana uwezo wa kumaliza vita hata kwa siku moja ana uwezo wa kwenda kukaa na mwenye msiba, kumchotea maji, kumshikia mtoto. Neno la Kataliko liliingia ndani ya uwezo wake. Yeye mwenyewe alilitimiza kwanza, akakubali kuwa mhamishwa kama wale aliowaandikia.

Amani, neno lililochoka

Lipo neno moja ambalo jamaa nyingi zinalitaja la kwanza zikiulizwa zinataka nini mwaka mpya: amani. Hakuna wa kulilaumu. Lakini historia yake katika Kivu ni ya kuhuzunisha. Lilitajwa Lusaka Julai 1999. Lilitajwa Sun City mwaka 2002. Januari 2008 lilitajwa Goma, na mpango uliotoka pale ukaitwa kwa jina hilo hilo, Amani. Lilitajwa Addis Abeba Februari 2013, na Nairobi mwisho wa mwaka ule. Mwaka 2025 likatajwa Washington mwezi wa Juni na Doha mwezi wa Julai. Mtoto aliyeitwa Amani siku za Lusaka sasa ni mtu mzima, huenda ana mtoto wake, na huenda amekimbia pamoja naye.

Amani inabaki ombi la kila mtu, na hakuna anayepaswa kuacha kuiomba. Lakini kama neno la kuongoza jamaa kwa mwaka mmoja, lina kasoro: funguo zake ziko kwa watu wengine. Zinakaa kwenye meza ambazo mama wa Kadutu hakuwahi kuketi. Jamaa ikichagua amani, halafu bunduki zikalia mwezi wa pili, watoto wanahesabu kwamba neno la nyumbani limeshindwa. Na mtoto akiona maneno ya wazazi yanashindwa mwaka baada ya mwaka, anaacha kuyaamini hata yale yanayowezekana.

Ndivyo ilivyo na neno jingine linalouma zaidi, hasa kwa walioko Musenyi au kwenye familia za mapokezi: turudi. Mtoto anauliza kila wiki, tutarudi lini? Mzazi anatamani kulifanya kuwa neno la mwaka ili kumtuliza. Lakini kurudi hakuko mikononi mwa mzazi. Wakati mwingine kurudi mapema ni hatari. Kumpa mtoto neno hilo ni kumpa tarehe ambayo hakuna anayeijua. Ni heri kumwambia ukweli, turudi likae kwenye sala, na neno la mwaka liwe jingine.

Sanduku lenye kufuli tatu

Mfano wa neno linalofanya kazi hauko mbali. Uko kwenye vikundi vya akiba ambavyo watu wa Bukavu wanaviita AVEC, ndugu wa likelemba ya zamani. Vikundi hivyo vinaundwa mara nyingi na akina mama wa soko, watu kumi na tano, ishirini, wakati mwingine zaidi kidogo. Kila juma wanakutana na kununua hisa. Pesa zinawekwa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu zinashikwa na watu watatu tofauti, ili asiwepo anayeweza kulifungua peke yake. Hesabu inasomwa kwa sauti mbele ya wote. Kuna mfuko wa pembeni wa kusaidia mwenye ugonjwa au msiba. Mwisho wa mzunguko, mara nyingi karibu na Noeli, wanafungua na kugawana.

Sasa mtu asikilize majina ya vikundi hivyo: Tujenge, Tusaidiane, Tuinuane, Tuungane. Yote yanaanza na "tu". Yote ni kitu cha kufanya, na wa kukifanya ni wale wale waliolichagua jina. Kikundi kinachoitwa Tusaidiane kikimwacha mwenzao na msiba peke yake, jina lenyewe linakishitaki kwenye kikao kinachofuata. Waswahili wanasema ahadi ni deni. Kwenye AVEC deni hilo lina daftari, lina mashahidi, na lina siku ya kulidai.

Mwanzoni mwa 2025 benki za Bukavu zilifunga milango, na watu wenye pesa zao ndani hawakuweza kuzigusa. Mji uliona wazi tofauti kati ya neno lililoandikwa kwa rangi nzuri kwenye ukuta wa jengo na neno ambalo watu ishirini wanalishika pamoja kwa funguo.

Namna jamaa inavyoweza kuchagua

Kutokana na historia hiyo, jamaa inayotaka neno la mwaka inaweza kufuata njia rahisi, iwe imekaa pamoja kwenye parseli yake au imetawanyika kwenye nchi tatu.

Kwanza, kusafisha. Watu wa Herrnhut walipatanisha ugomvi kabla ya kupeana neno. Kule Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, kila mwezi wa Julai watu wanaadhimisha Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa zamani wa Waswahili. Wanaume wanapigana kwa mabua ya migomba hadi hasira ya mwaka uliopita iishe, na baada ya hapo ni kula pamoja. Jamaa ya Bukavu haihitaji migomba. Inahitaji saa moja ambapo kila mtu anasema lililomuuma. Nani alikimbia bila kuaga? Nani aliuza kitanda cha nani? Nani alikuwa na unite za simu na hakupiga? Neno likipandwa juu ya hayo bila kuyasema, haliti mizizi.

Pili, wote wapendekeze, na mdogo aanze. Mbele ya baba au mjomba, watoto wa Kivu wanafundishwa kunyamaza, na heshima hiyo ni nzuri. Lakini mkubwa akisema wa kwanza, kikao kimekwisha. Mdogo akianza, wakubwa wanasikia kitu ambacho hawakukijua. Aliye mbali atume ujumbe wa sauti, usikilizwe na wote, hata bibi ambaye hasomi.

Tatu, neno lianze na "tu" na liwe ndani ya uwezo wao. Jamaa iliyotawanyika inaweza kuchagua Tuulizane. Maana yake inawekwa wazi palepale: kila Jumapili jioni mmoja wao ana zamu ya kupiga simu au kutuma ujumbe kwa wote, na asiyejibu anatafutwa. Hakuna anayeweza kuzuia neno hilo isipokuwa mtandao, na mtandao hurudi. Jamaa yenye watoto waliokosa shule inaweza kuchagua Tusome: ukurasa mmoja kila siku, hata kama kitabu ni kile kile.

Jamaa inayopokea wahami nayo ina neno lake. Katika Kivu ya Kusini wahami wengi hawakai kambini, wanakaa kwa watu, wenyeji ambao nao hawana. Chumba kimoja kinalala watu wanane, sambaza zilizotosha watano sasa zinagawiwa kumi na wawili. Mwezi wa kwanza ni upendo, mwezi wa nne ni manung'uniko. Kwa nyumba ya namna hiyo Tubanane linaweza kuwa neno la kweli, kwa sababu halifichi kwamba nafasi ni ndogo. Linamtaka mwenyeji asogee kidogo, na mgeni ashike ufagio. Makunduchi wanaamini kwamba siku ya Mwaka Kogwa nyumba isiyo na mgeni haina furaha. Bukavu imekuwa na wageni mwaka mzima bila sherehe yoyote, na ni vizuri mtu awaambie wenyeji kwamba walichofanya kimeonekana.

Nne, neno liwe na siku ya kudaiwa. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi inatosha. Mmoja anauliza: tulisema Tuulizane, nani hajaulizwa mwezi huu? Swali hilo moja ndilo kufuli, na kila mmoja anashika ufunguo. Kama neno limeshindikana kwa sababu hali imegeuka, jamaa inaruhusiwa kulipunguza. Jamaa iliyosema Tujenge, halafu ikalazimika kukimbia, inaweza kusema Tufike. Hakuna aibu hapo. Salongo ilianza kwa kufagia nchi nzima, leo inazibua mtaro mmoja, na mtaro ule unapitisha maji.

Tarehe 31

Usiku wa kesha neno kubwa litatangazwa tena, na watu watapiga vigelegele, na wana haki ya kufurahi baada ya mwaka kama huu. Kisha watarudi nyumbani kwa miguu, wengine kwenye parseli zao, wengine kwenye sebule ya mtu mwingine. Huko Musenyi kijana ataangalia simu yake. Huko Walungu bibi atauliza kama kuna aliyetuma sauti.

Noeli ya 1999 mji huu uliambiwa ufariji, wakati wenyewe ulikuwa ndio unaohitaji kufarijiwa. Watu wengi walitii kwa vitu vidogo ambavyo hakuna aliyeviandika: sahani ya bugali iliyopita ukutani, mtoto wa jirani aliyelipiwa shule, usiku mmoja wa kukaa na mjane. Ndiyo maana Bukavu ilikuwepo bado Bonane ya 2000, na ya 2001, na ya miaka iliyofuata. Neno la mwaka ujao halihitaji kuwa zuri kuliko lile. Lipatikane moja, fupi, ambalo mdogo wa nyumba anaweza kulitenda, na asiwepo wa jamaa atakayefika mwezi wa tatu bila kuulizwa amelitenda namna gani.